Ruzuku ya Sayansi Ianzie Kidato cha Kwanza

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri za Wilaya za Biharamulo na Ngara

Waheshimiwa Madiwani,

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kata hapa Biharamulo, na nawaandikia kuhusu siku moja ya mwaka ambayo sijaizoea, pamoja na miaka yote niliyosimama mbele ya ubao. Ni siku ya mwanzo wa Kidato cha Tatu, wanafunzi wanapochagua masomo ya kuendelea nayo. Kwa utaratibu tuliokulia nao, fizikia na kemia ni lazima hadi Kidato cha Pili. Baada ya hapo mwanafunzi ana ruhusa ya kuziacha. Basi siku hiyo wanakuja mezani kwangu na vitabu mkononi. Wengine wanavirudisha wameinamisha macho, wengine wanavirudisha wakitabasamu kama waliotua mzigo. Walio wengi ni wasichana. Msimu mmoja, katika Kidato cha Tatu cha wanafunzi zaidi ya tisini, walibaki wasichana wanne kwenye fizikia. Muhula ulipokwisha walikuwa watatu.

Yule wa nne nilimfuata hadi nyumbani kwao. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mama yake. Nilimuuliza kwa nini ameacha, maana alama zake hazikuwa mbaya. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, miaka miwili sijawahi kuishika amita. Nimeiona tu." Nilirudi nikiyatafakari maneno hayo kuhusu kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, na tangu hapo nikaanza kuangalia mikono ya wanafunzi wangu badala ya nyuso zao. Nilichokiona ndicho kilichonisukuma kuandika.

Kifaa kikiwa kimoja kwa kundi la wanafunzi kumi na watano, wavulana ndio wanaokishika na wasichana ndio wanaoandika vipimo. Hakuna aliyewaamuru. Mvulana ananyoosha mkono kwanza, msichana anafungua daftari, na wiki ijayo inakuwa vivyo hivyo. Mwisho wa mwaka wa pili daftari la msichana ni safi kuliko madaftari yote darasani, lakini hajui kufunga waya kwenye betri. Halafu tunashangaa anapotuambia kwamba fizikia ni ya wavulana.

Naandika kwenu, Waheshimiwa, kwa sababu kalamu ya jambo hili iko mikononi mwenu kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyowekwa na marekebisho ya mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri ya mahali husika. Halmashauri ndiyo inayoandaa miongozo na kusimamia utekelezaji. Fedha za mpango huo wengi wetu tunaziita fedha za CSR. Zinapita kwenye Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango, zinafika kwenye Baraza, na ninyi mnanyoosha mikono. Hazihitaji kibali cha mwalimu wala cha mzazi. Zinahitaji kibali chenu.

Na wilaya hizi mbili si maskini wa ardhi. Dhahabu ya Tulawaka ilianza kuchimbwa hapa Biharamulo mwaka 2005, kampuni ya kigeni ikiwa ndiyo mwenye mgodi. Mwaka 2013 Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliuchukua, na leo tunaujua kwa jina la Stamigold. Kule Ngara nikeli ya Kabanga iligunduliwa katika utafiti wa Umoja wa Mataifa miaka ya 1970, ikakaa chini ya ardhi huku kampuni kubwa zikija na kuondoka, mpaka Januari 2021 Serikali iliposaini mkataba ulioipa asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya mradi huo, Tembo Nickel. Nikeli hiyo, pamoja na shaba na kobalti zinazoambatana nayo, ndiyo inayotafutwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Nikifundisha betri darasani, mada ambayo mtoto wa Geneva au Tokyo anaisoma kama habari ya mbali, madini yake yako chini ya mashamba ya ndizi ya babu wa mwanafunzi wa Bugarama.

Tena kuna maporomoko ya Rusumo. Mto Kagera unaporuka pale mpakani, mitambo inazalisha megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sehemu yetu inasafiri kwa njia ya kilovolti 220 hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, ndani ya wilaya yetu ya Biharamulo. Watoto wa Nyakahura na Lusahunga wanapita chini ya nyaya zile wakienda shule. Mengi yaliyomo katika mtaala wa umeme yamesimama pale: kondakta na vihami juu ya vichwa vyao, transfoma kituoni. Lakini uliza ni wangapi kati ya waliosimamisha minara ile kwa cheo cha mhandisi walizaliwa kati ya Biharamulo na Ngara. Sitaji hesabu. Nawaachia swali mkalipeleke kwa wakandarasi wenyewe, maana ninyi mna mamlaka ya kuuliza na kujibiwa.

Sipuuzi yaliyofanyika. Ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa bajeti ya shilingi bilioni 3 ni jambo kubwa. Mtoto wa mkulima anasomeshwa sayansi, uhandisi au udaktari chuo kikuu bila kudaiwa senti. Bodi ya Mikopo nayo ilifungua mlango kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, umeleta sekondari mpya za kata na shule za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa. Nawashukuru wote walioyasimamia haya.

Ila tazameni mahali yanapoanzia. Ufadhili wa Samia unamsubiri mtoto Kidato cha Sita, tena anayeupata ni mwenye ufaulu wa juu kabisa nchini katika sayansi. Mkopo unamsubiri akishachaguliwa chuo. Shule ya mkoa ni moja, na mkoa wetu ni mpana. Wangu wanne wa Kidato cha Tatu hawajafika kwenye foleni hiyo, na yule aliyeacha hatafika kamwe. Ruzuku inayomngoja mshindi mwishoni mwa mbio haimsaidii aliyekosa viatu mwanzoni. Hilo ndilo neno langu kwenu: fedha za sayansi zianze kumwagwa mapema, Kidato cha Kwanza na cha Pili, kabla ya siku ile ya kurudisha vitabu.

Na sehemu ya fedha hizo iwafikie walio wachache kwenye sayansi. Nikisema wachache, sizungumzii kabila wala dini. Nawasema wale ambao ukiingia chumba cha fizikia huwaoni, au unawaona wawili kwa hamsini. Wasichana wa vijijini. Wanafunzi wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu. Wanafunzi wenye ulemavu wa viungo, ambao meza ya maabara imejengwa juu kuliko kiti chao. Hao wapo shuleni na majina yao yapo kwenye rejista. Kwenye sayansi hawapo.

Niruhusuni nikae kidogo kwa hao wenye ualbino, kwa sababu sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua walivyowahi kuwindwa. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye baba yake alimsindikiza shule kila asubuhi na kumngoja kila jioni, kwa miaka minne, akiacha shamba lake. Kijana yule alikuwa na kichwa cha hisabati. Lakini kusoma venia kalipa, kifaa cha kupimia unene, kunataka jicho litofautishe mistari iliyoachana kwa sehemu ya kumi ya milimita, na jicho lake halikuweza. Ubaoni alisikiliza tu sauti yangu. Ilichukua mwaka mzima kwangu mimi, mwalimu wake, kutambua kwamba alichohitaji ni lenzi ya kukuzia, karatasi yenye maandishi makubwa, kiti cha mbele mbali na dirisha lenye jua kali, na muda wa nyongeza kidogo. Lenzi nilimnunulia sokoni. Ilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia, na nilisononeka kwa sababu ya ule unafuu wake.

Sasa nije kwenye maabara, maana najua mtaniambia zipo. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi wetu walichangia. Mnakumbuka mifuko ya saruji, mchanga uliosombwa kichwani, michango iliyokusanywa nyumba kwa nyumba hadi mwaka 2015. Ile ilikuwa kazi ya heshima. Mahali pengine maboma yalipauliwa na kukamilishwa, mahali pengine yalisubiri miaka. Lakini hata pale palipokamilika, chumba bado ni chumba. Chumba cha kemia kinataka maji yanayotiririka, gesi, sinki lisilovuja, kemikali ambazo hazijapitwa na muda, na mtaalamu wa maabara wa kuandaa jaribio mwalimu akiwa anafundisha darasa jingine. Mahali ambapo mtu huyo hayupo, mwalimu wa kemia ndiye anayeosha bureti usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo. Na kuna watahiniwa ambao siku ya mtihani ndiyo siku yao ya kwanza kufungua koki ya bureti kwa mkono wao wenyewe. Mkono unatetemeka, asidi inapita kipimo, rangi inageuka ghafla, na alama zinakwenda.

Jengo linaonekana, Waheshimiwa. Linapigwa picha, linawekwa jiwe la msingi, diwani anaonyesha kwa wapiga kura kwamba hili nimelileta. Nawaelewa. Lakini nawaomba mkubali kwamba stopwochi ishirini, amita thelathini na mshahara wa mtaalamu mmoja wa maabara ni maendeleo vilevile, ijapokuwa hayana paa.

Kuna mfano wa hapa nchini ambao ningependa muusome kabla ya kikao chenu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona wasichana hawaingii uhandisi na sayansi kwa idadi ya kutosha. Hakikuishia kulalamika. Kiliandaa kozi maalumu ya maandalizi kwa wasichana waliokaribia vigezo bila kuvifikia, wakafundishwa kwa wiki kadhaa, wakapimwa, na waliofaulu wakaingia. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ruzuku ya Carnegie Corporation ya New York ikawalipia wasichana masomo ya shahada ya kwanza. Fedha zilikwenda pamoja na maandalizi. Zingetoka peke yake zingewakuta walewale ambao wangeingia hata bila hizo.

Na nje ya nchi, Marekani, kuna mpango ulioanza mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Maryland, kile cha Baltimore County. Wanafunzi weusi pale walikuwa wakianza sayansi na kuikimbia. Wahisani wawili, Robert na Jane Meyerhoff, walitoa fedha, na mwanahisabati Freeman Hrabowski akausimamia mpango. Ulianza na vijana weusi wa kiume, baadaye ukapokea wasichana na wengine. Hawakugawiwa ada tu. Waliitwa mapema, kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, wakasoma pamoja, wakalazimika kusaidiana kwa makundi, wakaunganishwa na watafiti maabara. Tangu wakati huo mpango ule umetoa watafiti na madaktari wengi. Kinachonigusa mimi ni kile cha kusoma pamoja. Msichana aliyebaki peke yake kwenye fizikia, hata umlipie kila kitu, atakaa nyuma akingoja mwaka uishe. Waweke kumi pamoja, wataulizana.

Kwa hiyo naomba nini? Naomba halmashauri zetu mbili zianzishe mfuko wa ruzuku ya sayansi wenye kasma yake ndani ya mpango wa CSR wa kila mwaka, kiasi kitajwe waziwazi na kitangazwe kwenye mbao za matangazo za kata. Sehemu kubwa ya fedha hizo iende shuleni, kununua vifaa vya kutosha ili katika kila kundi la wanafunzi wanne kuwe na kifaa kimoja na kila mtoto akishike, na kuwalipa wataalamu wa maabara, hata mmoja akizungukia shule mbili. Hiyo ni haki ya wote, wavulana kwa wasichana. Sehemu ya pili iwe ya wale wachache niliowataja: kambi ya hisabati na fizikia wakati wa likizo ya Juni kwa wasichana wa Kidato cha Pili, chakula na malazi vikiwa vimelipwa, lenzi, mafuta ya kuzuia mionzi ya jua na maandishi makubwa kwa wenye ualbino, na ada ya bweni kwa msichana anayeishi geto, kwenye chumba cha kupanga senta, kwa sababu kwao ni mbali. Nikisema geto mnajua nina maana gani. Wasichana wangapi tumewapoteza kwenye vyumba vile? Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini anayerudi anarudi na mtoto mgongoni, na fizikia ndiyo somo la kwanza analoliacha.

Hisabati nimeitaja kwa makusudi. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2023, waliofaulu hisabati nchi nzima walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Hakuna uhandisi bila somo hilo, na aliyeanguka hapo ameshafungiwa mlango hata awe na mikono ya dhahabu. Tena mtoto wetu anabeba mizigo miwili. Darasa la Saba alisoma hisabati kwa Kiswahili, nyumbani anazungumza Kisubi, Kihangaza au Kishubi, kisha Januari anaambiwa nguvu, kasi na msukumo vina majina mengine ya Kiingereza. Mwalimu wa kujitolea anayemfafanulia polepole jioni anafanya kazi kubwa, na wengi wa vijana hao wanaojitolea wanalipwa posho ndogo ya wazazi. Mfuko ungeweza kuwashika mkono.

Naomba pia migodi itoe zaidi ya fedha. Wana wahandisi, wajiolojia, wapimaji, mafundi umeme. Waje shuleni mara moja kwa muhula, na katika msafara wao awepo mwanamke mwenye kofia ngumu kichwani. Wapokee wanafunzi mgodini. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinadai mafunzo na ajira kwa wazawa, basi yaanzie kwa majirani. Hata wavumbuzi wadogo wapewe nauli: taasisi ya Young Scientists Tanzania, iliyoasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, inawakutanisha wanafunzi wa sekondari na tafiti zao Dar es Salaam, na mfuko wa Karimjee umekuwa ukiwasomesha washindi chuo kikuu. Utafiti wa mnyauko wa migomba au wa wadudu wa maharage hauhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji mwalimu, daftari na tiketi ya basi.

Najua mtakayonijibu. Zahanati ya kijiji haina dawa, kisima kimekauka, darasa limeezuliwa na upepo. Yote ni kweli na siwezi kuyapinga, kwa maana hata wanafunzi wangu wanakunywa maji ya kisima hicho. Sisemi mfuko umeze CSR yote. Nasema usikosekane, mwaka hadi mwaka, kwa sababu sayansi haiivi kwa msimu mmoja kama maharage. Msichana aliye Kidato cha Pili leo kule Rulenge, Ngara, atahitaji miaka tisa hivi kuwa mhandisi. Mtoto aliyezaliwa mwaka Tulawaka ilipoanza ameshapita umri wa miaka ishirini. Dhahabu ya miaka hiyo imeshaondoka.

Mtanijibu pia kwamba fedha za namna hii huishia kwa watoto wa wakubwa. Hofu hiyo ni ya haki. Basi majina ya wanufaika yapitishwe na bodi ya shule, yasomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji mbele ya wazazi wanaojuana kwa shida zao, na hesabu za vifaa zikaguliwe maabara, mwanafunzi akiulizwa: umekishika hiki lini?

Biharamulo imewahi kulea mwanasayansi. Hayati John Magufuli, kijana wa Chato wakati Chato ikiwa bado sehemu ya wilaya hii, alisoma Seminari ya Katoke kati ya 1975 na 1977, akawa mwalimu wa kemia na hisabati, na mwaka 2009 akapata shahada ya uzamivu ya kemia. Seminari ni ya wavulana. Dada zake wa umri ule hawakuwa na Katoke yao.

Mpango wa CSR wa mwaka ujao utakapowekwa mezani kwenu, kabla hamjanyoosha mikono, tafuteni ndani yake ukurasa wenye neno maabara na wenye neno msichana. Kama haumo, urudisheni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa fizikia, Biharamulo